Fungua Mdomo, Shemeji

Daktari alimwambia mume wangu Filemon ameze kidonge cha kolesteroli kila jioni. Kaka yake, Leoncio, akamcheka.

"Bwana mdogo, kidonge ni cha siku ya nguruwe! Meza viwili, kisha ule ngozi. Mafuta yatakimbia yenyewe."

Hapa Carcar, mji wetu wa Ufilipino, wengi hufanya hivyo, na Filemon hakuwahi kumbishia kaka yake. Vidonge vikalala kabatini kutoka sikukuu hadi sikukuu. Mwaka jana, siku ya mtakatifu wetu, akaanguka na sahani mkononi. Moyo. Matangani Leoncio alisema ni kazi ya Mungu, akaomba aongezewe wali.

Nilimchukia tangu wali ule.

Mwaka huu kifua kikambana yeye, akaandikiwa vidonge vilevile. Sikukuu ilipofika akaja kwangu, akakalia kiti cha mkubwa wa ukoo. Nguruwe mzima wa kuchoma alikuwa mezani, na kisu nilikishika mimi.

"Shemeji, nimeshameza viwili," akanikonyeza. "Lete ngozi, na shavu usilisahau!"

Nikamkatia. Mwaka mzima nilikuwa nikiungoja mlio ule wa ngozi ikivunjika. Nikaijaza sahani mpaka ikafurika. Kula, mwanaharamu, kula umfuate.

"Pande hili marehemu angelipenda sana," akasema, mate yakimjaa.

Mkono wangu ukasimama. Afe hivi, ameshiba, anacheka? Halafu watu waseme tena ni kazi ya Mungu, nami niwapikie waombolezaji wake? Ng'o!

Nikampokonya sahani, nikamwekea supu ya majani ya mlonge.

"Ndiyo nini hii, shemeji?"

"Chakula chako. Ulimwachisha Filemon dawa mpaka ukamzika. Nasema mbele ya ukoo mzima: wewe hufi kirahisi."

Hakuna aliyemtetea, hata wanawe.

Sasa kila jioni namfuata kwake na kidonge na maji.

"Fungua mdomo. Inua ulimi."

"Eufemia, utanitesa mpaka lini?"

"Mpaka uzeeke. Na kila sikukuu utakaa kiti kilekile, unanusa tu."

Juzi daktari alimpima damu, akamsifu: akiendelea hivyo ataishi miaka mingi. Leoncio akalia palepale kama mtoto.

Mimi nilirudi nyumbani nikapanda mlonge mwingine uani.