Mabati ya Kamati

Jumamosi ya pili ya Januari mwaka wa 1957, saa tisa na dakika kumi, Warigia alikuwa ameketi juu ya gunia lake nje ya ofisi ya timu ya Nyota ya Chania, pale Thika, akimmenyea mteja kiazi kitamu kilichoungua upande mmoja, wakati ukuta wa ofisi ulipoacha kuficha kilichokuwa ndani. Ulikuwa ukuta wa mabati, umepakwa rangi ya kijani na kupigiliwa misumari mipya mwezi wa Novemba. Misumari ilibaki ikionekana, imejipanga hewani kwa mistari iliyonyooka. Mabati yenyewe hayakuwa yamekwenda popote, maana kuku aliyejaribu kukatiza aligonga kichwa akarudi alikotoka. Ila sasa mtu aliona ndani bila taabu: meza, birika la chai, na wanakamati watano waliokuwa wamekutana kumchagua meneja mpya.

Warigia alimaliza kumenya, akamkabidhi mteja kiazi chake, ndipo akasogeza gunia ili aone vizuri.

Kwa miaka sita mashabiki wa Nyota walikuwa wakiulizana kamati inawatoa wapi mameneja wake. Mmoja alikuwa mwalimu wa kwaya, akawafundisha wachezaji kuingia uwanjani kwa hatua za pamoja, wakafungwa matano wakiwa wamepangana vizuri sana. Mwingine alikuwa fundi cherehani aliyefumba macho kila mpira ulipopigwa karibu naye. Kila mwaka kamati ilifunga mlango, ikanywa chai, ikatoka na jina, na mwenyekiti, mzee Kagwe, akatangaza kwamba mtu huyo ametafutwa kwa makini. Mashabiki walisimama nje wakijaribu kupima mambo kwa urefu wa chai. Wengine walisema majina yanaokotwa kutoka kwenye kofia. Wengine waliapa kwamba Ruiru, mahasimu wao, wana mtu wao ndani ya kamati.

Warigia hakuapa lolote, lakini alikuwa na donda lake. Mumewe, Zacharia, alikuwa beki wa Nyota kwa miaka kumi na mmoja, mpaka goti lilipomsaliti, na sasa alifanya kazi katika kiwanda cha ngozi. Kila Desemba alikaa chini na kalamu akaiandikia kamati barua ya kuomba umeneja, kwa mwandiko safi, akieleza timu ina nini na imekosa nini. Barua nne, na hata jibu la kukataliwa hakuwahi kupata. Zamani, chakula kikiiva, alikuwa akipanga viazi kumi na kimoja mezani na kumwonyesha mkewe nani alipaswa kusimama wapi. Baada ya barua ya nne aliacha. Alikula viazi kama watu wengine wanavyokula viazi.

"Labda mpira siujui, Mama Njambi," alimwambia jioni moja, bila kumtazama. "Labda nilikuwa nikijidanganya tu."

Maneno hayo yalimchoma Warigia kuliko tusi. Alijua mumewe anajua mpira, lakini kujua kwa mke hakukumsaidia mume aliyekwisha kujitilia shaka mwenyewe. Desemba hiyo Zacharia aliandika barua ya tano, akaisoma, akaificha chini ya godoro. Warigia aliitoa, akaipeleka kwa katibu kwa mkono wake, na hakumwambia mtu. Hiyo ndiyo sababu Jumamosi hiyo gunia lake lilikuwa nje ya ofisi wala si sokoni.

Kufikia saa tisa na nusu watu wapatao sabini walikuwa wamesimama mbele ya ukuta. Enzi hizo za Hali ya Hatari hata harusi ilitakiwa kuwa na kibali, kwa hiyo askari alifika upesi.

"Huu ni mkutano?" aliuliza. "Kibali iko wapi?"

"Hapana mkutano, afande," Warigia alimjibu. "Hii ni laini ya viazi."

Askari aliutazama ukuta, akaitazama kamati, akanunua kiazi na kusimama kwenye laini pamoja na wengine.

Ndani, mzee Kagwe aliinua uso akaona nyuso sabini. Alimwambia katibu afunge mlango. Mlango ulifungwa, nao ukaanza kuonyesha nje na ndani. Kagwe aliufikiria kwa muda mfupi, akaongeza sukari kwenye chai.

"Tuendelee," alisema, na sauti yake iliwafikia watu wote wa nje kana kwamba wamekaa naye meza moja.

Waliitwa watu watatu, mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyeulizwa kama amewahi kucheza. Kagwe alikuwa na swali moja tu.

"Timu ya kucheza Jumamosi," alimuuliza wa kwanza, "utaipanga wewe, ama tutasaidiana?"

"Nitaipanga mimi, mzee," mtu huyo akasema. "Si ndiyo kazi ya meneja?"

Walimshukuru, wakamfungulia mlango. Wa pili aliomba apewe wiki moja ya kufikiria, naye akafunguliwa mlango. Wa tatu alikuwa Simeon, mtunza ghala la katani kutoka Ngoliba, kijana mpole aliyevaa tai ya kuazima.

"Tutasaidiana, mzee," alisema Simeon, na wanakamati wote watano wakasukuma vikombe kumpa nafasi mezani.

Nje, watu waliguna. Wote walimfahamu Bedan, mtoto wa dadake Kagwe, ambaye kila Jumamosi alipangwa katikati ya washambuliaji, akiwa peke yake uwanjani mwenye viatu vya mpira, na ambaye kwa misimu mitatu hakuwa amefunga hata bao la bahati. Sasa walielewa huko kusaidiana kulikuwa kusaidiana gani.

"Kuna barua moja imebaki," alisema katibu. "Ya Zacharia, wa kiwanda cha ngozi."

Kagwe aliipokea barua, akavaa miwani, akaisoma yote, ukurasa wa mbele na wa nyuma, akitikisa kichwa polepole kwa kukubali.

"Hii ni barua nzuri," alisema. "Huyu mtu anajua mpira kuliko sisi wote hapa. Hata ile ya mwaka jana ilikuwa nzuri. Mimi huzisoma tena na tena."

"Kwa hivyo tumwite?" aliuliza katibu.

"Tumwite afanye nini? Mtu anajua mpira namna hii atatusumbua. Weka pamoja na zile zingine."

Katibu alifungua mtoto wa meza. Barua nne za Zacharia zilikuwa humo, zimefungwa kwa kamba ya katani, pembe zimelainika kwa kushikwashikwa.

Warigia aligeuka. Zacharia alikuwa amesimama nyuma kabisa ya laini, ameshika baiskeli yake, mikono bado ina rangi ya dawa za ngozi. Alikuwa akipita kutoka kazini. Alivua kofia, akaiangalia ndani, akaivaa tena. Mzee aliyekuwa karibu naye alimpa mkono, kisha jirani wa mzee huyo, na mwishowe laini yote ya viazi ikageuka kuwa laini ya kumpa Zacharia mkono. Askari naye alimpa.

"Ni wewe ulipeleka hiyo barua?" alimuuliza mkewe walipokuwa njiani.

"Ni mimi, Baba Njambi."

"Haya," alisema Zacharia. Jioni hiyo alipanga viazi mezani, kumi na kimoja, na Warigia akafurahi mpaka akasahau kuweka chumvi.

Kamati ilijitahidi. Ukuta ulipakwa lami, na siku ya kikao lami ikaonyesha ndani. Yakatundikwa mablanketi matatu, nayo yakaonyesha. Siku za kawaida ofisi ilikuwa ya mabati ya kijani kama zamani. Ni kamati ilipokaa tu ndipo hali hiyo ilipoanza. Kagwe alikwenda dukani kwa Chunilal, aliyeyauza mabati hayo, kulalamika.

"Mvua naingia?" Chunilal aliuliza.

"Mvua haiingii."

"Jua naingia?"

"Hapana."

"Basi mabati mzima, Bwana Kagwe. Mimi nauza mabati ya mvua, hapana ya watu."

Mwezi wa Aprili Nyota ilifika fainali, kwa kubahatisha zaidi kuliko kwa mpira, dhidi ya Ruiru, huko kwao Ruiru. Pasi za kusafiri zilitafutwa kwa wiki mbili. Chunilal alitoa lori lake la kubebea mahindi, bure, na wale waliokosa nafasi walipanda gari la moshi. Warigia alikaa juu ya gunia lake katikati ya lori, na Zacharia akakaa pembeni, mguu wenye goti bovu ameunyoosha juu ya gurudumu la akiba.

Kufikia mapumziko Ruiru walikuwa wanaongoza mabao mawili kwa sifuri. Wachezaji wao, vibarua wa mashamba ya kahawa, walikimbia kwa nguvu na walijua wanakokimbilia. Bedan alisimama katikati na viatu vyake, na mpira ulimpita kila mara kama mgeni asiyemfahamu. Kagwe alikuwa kwenye viti vya wakubwa, anakunywa soda.

Hapo ndipo Simeon alipofanya jambo ambalo hakuna meneja wa Nyota aliyewahi kulifanya. Alitembea kutoka kwa wachezaji wake mpaka kwenye kamba ya mashabiki, mbele ya macho ya wote, tai imelowa jasho.

"Mzee Zacharia," alisema, "mimi sijui hii kitu. Wewe unajua. Mwenyekiti mwenyewe alisema, na sisi sote tulisikia. Nifanye nini?"

Zacharia alimtazama. Kwa mara ya kwanza siku hiyo Warigia aliogopa: endapo mumewe angekosea sasa, kusingekuwa na mabati wala kamati ya kulaumu. Zacharia alichukua viazi kutoka kwenye gunia, akavipanga kwenye nyasi.

"Bedan mtoe katikati. Mweke pembeni kulia, kabisa kabisa, na umwambie asiguse mpira."

"Asiguse?"

"Asimame tu. Ruiru wakiona viatu, watatuma watu wawili kumlinda. Hapo katikati kutabaki mlango wazi. Yule mfupi wa pembeni mlete katikati, apite hapo."

Simeon alikwenda akayasema hayo neno kwa neno, bila kuongeza lake. Bedan alisimama pembeni kulia, mikono kiunoni, na mabeki wawili wa Ruiru wakasimama naye, na hawakumwacha mpaka mwisho. Dakika ya kumi ya kipindi cha pili yule mfupi alipita mlangoni na kufunga. Dakika ya ishirini na tano alipita tena. Zikiwa zimebaki dakika mbili alipita mara ya tatu, peku, vumbi likiwa jekundu nyuma yake, na kipa wa Ruiru hakuinua hata mkono.

Warigia alilia bila kujificha. Alimshika mumewe shingo mbele ya watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku ya harusi yao. Mashabiki walimbeba Zacharia juu mpaka kwenye lori, wakiangalia lile goti lisigongwe. Kagwe alipokea kombe, akahutubia, akasema huo ndio uzuri wa kamati inayomtafuta meneja kwa makini. Watu walimpigia makofi kwa kuwa siku hiyo wangempigia makofi hata ng'ombe. Waliimba njia nzima, kupita mashamba ya katani, mpaka Thika.

Tangu siku hiyo wachezaji walikuwa wakienda nyumbani kwa Zacharia kila saa kumi na moja jioni, Simeon akiwa wa kwanza kufika. Kwa ajili hiyo, Desemba ilipofika, Zacharia hakupata nafasi ya kuandika barua yoyote.

Jumamosi ya pili ya Januari watu mia tatu waliketi mbele ya ukuta, na askari watatu walinunua viazi. Mabati yalionyesha ndani saa tisa kamili. Kamati ilianza kwa kumwachisha Simeon kazi, kwa kosa la kuomba msaada nje ya kamati. Kisha waliitwa wengine watatu, wakaulizwa swali lile lile, na kazi ikapewa muuza mbao aliyejibu vizuri. Warigia alitazama yote hayo bila uchungu, bega lake likigusa bega la mumewe.

Kagwe alivaa miwani, akanyoosha mkono kwa katibu.

"Barua ya Zacharia?"

"Mwaka huu hakuleta, mzee."

Mzee Kagwe alivua miwani. Aliangalia mtoto wa meza, akaangalia chai yake. Alionekana kama mtu aliyenyimwa kitu.

"Basi andika hivi," alisema mwishowe. "Barua ya Zacharia imepokewa. Imesomwa. Na imekataliwa."

Katibu aliandika jibu hilo la kwanza kabisa kwa Zacharia, neno baada ya neno, na mia tatu waliokuwa nje waliinuka kwa pamoja wakapiga kelele zilizosikika mpaka ng'ambo ya mto. Walimnyanyua Zacharia na kofia yake. Warigia alipanda juu ya gunia akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Kagwe, akidhani wanaishangilia kamati, alisimama kwenye kiti chake akawapungia mkono.