Siku Mtaa Wetu Ulipohesabiwa

Kamera mpya ilifungwa kwenye nguzo ya taa, ikaitazama meza ya soksi ya Mama Nice uso kwa uso. Awadhi, kijana wa ofisi ya jiji anayetembea na kishikwambi, hakutuzungusha: leo saa sita mchana mtambo wa kamera hiyo utahesabu watu. Mtaa ukionekana umefurika, meza zote za barazani zinahamia Buguruni.

"Buguruni?" Mama Nice akashika kiuno. "Wateja wangu wa Mbeya wanajua kitu kimoja tu: soksi kwa Mama Nice, barazani kwa Umakant. Huko nani ananijua, mwanangu?"

Mzee Umakant mwenyewe, wa duka la vitambaa, ndiye aliyetoa akili. "Dawa rahisi, Mama Nice. Saa sita asipite mtu. Kamera ione mtaa mtupu, imeisha hiyo."

Tukakubaliana. Mzee Umakant akawapitisha wateja wake mlango wa nyuma. Kijakazi, mama lishe wetu, akasimama mwanzo wa mtaa na mwiko mkononi, ingawa mdomo wake peke yake unatosha kurudisha Fuso nyuma.

Saa sita ikafika. Kimya. Jamani, Kariakoo kimya! Hadi feni ya Mzee Umakant tukaisikia inavyokoroma.

Akatokea mama mmoja na furushi. "Mbona hapa hakuna watu?"

"Pitia kule, dada. Hapa hakuna kitu."

"Hakuna kitu, halafu unalinda na mwiko?"

Hapo ndipo tulipoharibu. Mtu wa Kariakoo unamwambiaje hakuna kitu? Yule mama akatua furushi, akachungulia. Wa nyuma yake akachungulia kinachochunguliwa. Mmoja akasema kuna maiti, mwingine msanii anarekodi video, wa tatu akaapa wanagawa vitenge bure. Waliokuwa wanaenda kituo cha Gerezani wakakata kona. Kijakazi akasombwa na umati, yeye na mwiko wake.

"Mtambo unalia!" Awadhi akapiga kelele, kabanwa ukutani, kishikwambi juu ya kichwa.

Mama Nice yuko juu ya stuli. "Haya, kilichowaleta ndiyo hiki! Soksi, bei ya leo tu!"

Waliokosa maiti wakanunua soksi.

Alasiri Awadhi akarudi na gari, macho chini. "Shikamoo, mama. Ni mtambo, siyo mimi. Tumekuja kuhamisha mzigo."

"Marahaba, baba. Mzigo upi? Imebaki meza." Akaikunja, akamkabidhi. "Tangulieni nayo Buguruni. Ila na hiyo kamera iliyoniletea wateja mnifungie hukohuko, nisije nikakosa watu."