Tausi wa Mabaki ya Nyuzi

Wivu wa watu wengine hauna sura, lakini wa Fundi ulikuwa na sura ya mwalimu wa chekechea.

Fundi alikuwa mshonaji, na mtaa mzima ulimwita hivyo hata misibani. Mwalimu ndiye mwanamke aliyeolewa na baba wa binti wa Fundi, baada ya Fundi na mume huyo kuachana. Talaka ilishapoa siku nyingi, na yule mume Fundi asingemtaka hata kwa kupewa bure. Tatizo lilikuwa binti, Kibibi, aliyemwita Mwalimu "mamdogo" kwa sauti laini kuliko ile aliyomwitia mama yake.

Kibibi alikuwa amepanga chumba chake cha kwanza. Baada ya godoro na jiko, mfuko ulikuwa umetoboka, na ukuta uliotazamana na kitanda ukabaki mtupu, una matundu ya misumari ya wapangaji waliopita. Akaenda kwa mama yake kuomba mabaki ya nyuzi.

"Ya nini?"

"Kuna kitu natengeneza, mama. Utakiona."

Fundi akamjazia mfuko mzima, akijua ataitwa kusaidia. Hakuitwa. Alipoalikwa hatimaye, alimkuta Mwalimu amekaa kitandani, viatu kavua, utadhani ndiye mwenye chumba.

Na ukutani palikuwa na tausi. Ubao ulitokana na kabati lililotupwa, Kibibi na Mwalimu wakaufunika kwa kitambaa cheusi. Walimchora tausi kwenye karatasi, wakaibandika juu ya ubao, wakapigilia vimisumari kufuata mchoro, kisha wakaichana karatasi na kupitisha uzi msumari hadi msumari mpaka mkia ukafunguka wote. Fundi aliijua kila rangi. Kijani ilikuwa ya sketi za shule, zambarau ya magauni ya kwaya, na ile ya dhahabu ya bibi harusi mmoja msumbufu aliyebadilisha mshono hadi siku ya mwisho. Uzi wake mwenyewe, na sifa zinakwenda kwingine.

"Mamdogo ndiye kanifundisha kushika msumari kwa kibanio cha nguo," Kibibi alisema. "Sijajigonga kidole hata mara moja."

"Hongereni," Fundi alisema, roho ikimuuma.

"Uzi wako ndio umempendezesha tausi," Mwalimu akasema. "Ni imara, haukukatika hata kidogo."

Hata sifa zake ilibidi azipokee kutoka kwa Mwalimu yule yule.

"Mbona hukuniambia tufanye pamoja?" alimuuliza binti yake.

"Mama, kila nikija una nguo za watu. Unaniambia nisubiri umalize pindo. Na pindo haziishi."

Kibibi akatoka kwenda kununua soda, Mwalimu akaenda uani kusuuza bilauri.

Akabaki yeye na tausi. Aliuona mwisho wa uzi wa kijani, umefungwa fundo kwenye msumari wa chini ya mkia. Fundo la kitoto, akawaza, na akajiambia anataka kulikagua tu. Kucha ikaingia, fundo likaachia. Uzi ule ulikuwa mmoja toka mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo akauvuta kidogo, ukamfuata, akavuta tena. Tusidanganyane, alikuwa anasikia raha. Alipozinduka, nusu ya mkia ilikuwa inaning'inia hadi sakafuni.

Mwalimu ndiye aliyetangulia kuingia. Aliutazama ukuta, akavitazama vidole vya Fundi. Kibibi akafuata na soda zake, akasimama mlangoni.

"Nini hiki?"

"Ni mimi," Mwalimu akasema upesi. "Fundo sikulikaza vizuri."

"Usijali, mamdogo. Tutarudia."

Hapo Fundi alikuwa amepona. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Lakini aliyaona maisha yaliyo mbele, kila shughuli na kila mjukuu, yule mwanamke akimtazama kwa upole, anajua na hasemi. Keshamchukua mtoto, sasa anataka na kosa pia. Wema ule ulimkaba kuliko tusi.

"Muongo huyo," Fundi akasema. "Nimefumua mimi. Kwa makusudi."

Si uungwana uliomsemesha. Hakuwa tayari kuishi na fadhila za Mwalimu, basi.

"Kwa nini, mama?"

"Kwa sababu mmefanya bila mimi."

Mwalimu alianza kutafuta viatu vyake kwa miguu, macho kayaelekeza chini. Kibibi akaushusha ubao, akaulaza kitandani, akamwekea mama yake ncha ya uzi mkononi.

"Haya, kaa urudishe."

Fundi akakaa haraka kabla binti hajabadili mawazo.

"Na wewe usiondoke, mamdogo," Kibibi akaongeza. "Huyu hajui mchoro unavyokwenda. Utamwelekeza."

Mwalimu akasogea hadi mabega yao yakagusana, akanyoosha kidole.

"Anzia hapa, Fundi. Halafu nenda ule wa juu, upande wa kushoto."

Fundi akauma meno, akazungusha uzi.

"Siyo huo," Mwalimu akasema taratibu. "Unaofuata."

Fundi akafumua, akaanza upya.