Jina la Namba Saba

Barua ya kamati ya mashindano ilibandikwa ubaoni Jumatatu asubuhi, na kufikia saa nne kila mshabiki wa timu ya kikapu ya Chuo cha Mifugo Endamasi alikuwa ameisoma au amesimuliwa. Kocha, Mwalimu Baltazar, alituhumiwa kuchezesha mamluki, mchezaji asiye mwanafunzi wa chuo, kwenye fainali waliyoshinda dhidi ya chuo kimoja cha Babati. Uchunguzi ungefanyika Alhamisi. Shahidi wa kwanza kuitwa alikuwa Judica Bura, mwanafunzi wa mwaka wa pili, katibu wa washangiliaji.

Judica alisoma jina lake mara tatu, kisha akaondoka pale ubaoni kabla watu hawajamgeukia.

Alijua sababu. Siku ya fainali ndiye aliyerekodi video ya sekunde za mwisho na kuirusha kwenye kundi lao la WhatsApp. Namba saba anaruka, anafunga, na uwanja mzima unapiga kelele: "Gidahosh! Gidahosh!" Lakini kwenye karatasi ya mwamuzi namba saba aliandikwa Alex. Alex mwenyewe siku hiyo alikuwa kwao Gitting, goti limefungwa plasta. Gidahosh aliwahi kuwa mwanafunzi, akafeli mwaka wa kwanza, akaondolewa, akarudi kwao Dirma kuchunga ng'ombe wa baba yake. Wiki moja kabla ya fainali Mwalimu Baltazar alimwita, na siku ya mchezo akaingia uwanjani kwa kitambulisho cha Alex.

Washabiki wote walijua. Hakuna aliyeona ubaya mpaka barua ilipokuja.

Mchana ule Farouk, mwenyekiti wa washangiliaji, alifunga duka lake la simu pale Katesh, akaja chuoni kwa pikipiki.

"Ile video bado unayo?"

"Ninayo, kaka Farouk."

"Ifute. Sasa hivi, nikiona."

Judica akaifuta. Wote wawili walijua haisaidii kitu, maana kundi lina watu zaidi ya mia mbili, na kamati isingemwita kama haikuwa nayo tayari.

"Watakuuliza namba saba ni nani," Farouk alisema. "Utasema ni Alex."

"Wakiniuliza mbona tulikuwa tunamwita Gidahosh?"

"Utasema mlikuwa mnamshangilia mtu mwingine."

"Nani?"

Farouk akawasha pikipiki. "Watu wamekasirika, Judica. Wanasema wewe ndiye uliyeanza kurekodirekodi. Mimi siwezi kuwazuia wote."

Tangu hapo kundi likawa halisomeki. Mmoja aliandika kwamba msaliti atajulikana. Mwingine akajibu kwamba msaliti anakaa bweni la pili, chumba cha kona. Hicho kilikuwa chumba chake. Judica akaacha kwenda bwaloni, akawa anakula mkate chumbani, mlango umefungwa kwa komeo. Jumatano, saa sita mchana, kitu kilianguka juu ya bati, naye akajikuta yuko chini ya meza, mikono kichwani. Labda lilikuwa jiwe, labda kunguru. Hakutoka kwenda kutazama.

Alasiri ilibidi aende bandani kwa mafunzo ya kukamua. Alipoinua kichwa kutoka kwenye ndoo akamwona Mwalimu Baltazar amesimama mlangoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Sikuja kukuambia useme nini."

Ng'ombe alipiga mkia, maziwa kidogo yakamwagika, na hakuna aliyeyatazama.

"Nimefundisha miaka ishirini na sita," mwalimu alisema. "Kombe sikuwahi kuligusa kabla ya hili. Mwakani nastaafu." Sauti yake ilikatika, akajifanya anakohoa. "Ukimaliza usisahau kufunika ndoo."

Akaondoka. Judica alitamani angemfokea. Vitisho vya Farouk alikuwa ameanza kuvizoea, lakini mzee mwenye hofu kama yake ni kitu ambacho hakujua akifanyie nini.

Alhamisi walimketisha mbele ya watu watatu. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mpole mwenye miwani, na upole wake ulimtisha Judica zaidi. Nje ya dirisha washabiki walisimama na jezi zao. Watu ambao hawajawahi kunyamaza uwanjani walikuwa kimya kabisa.

Mama yule akamwonyesha simu. Video yake mwenyewe.

"Huyu namba saba anaitwa nani?"

Alifikiria kusema Alex, na jina lilikuwa pale pale mdomoni. Halafu akasikia kelele ndani ya simu, na katikati ya sauti zile akaitambua ya kwake.

"Anaitwa Gidahosh," alisema. "Alex alikuwa kwao, anaumwa goti."

"Nani alimpa kitambulisho?"

"Sikuona. Ninachojua ni kwamba alicheza, na sisi wote tulijua siyo yeye aliyeandikwa. Tulishangilia."

Alipotoka alikaza shingo akisubiri jiwe. Halikuja. Washabiki walimpisha njia, pana kupita kiasi, na Farouk akainamia simu yake.

Majibu yalikuja Jumanne: kombe liende Babati, Mwalimu Baltazar afungiwe kufundisha kikapu miaka mitatu. Hakuna aliyemgusa Judica, wala hakuna aliyemsemesha, isipokuwa mama Mectilda, mpishi wa chuo na mpiga ngoma wa timu, aliyemwita jikoni siku ile ile.

"Ni kweli uliwaambia?"

"Ni kweli, mama."

Mectilda alichungulia nje, akafunga mlango. "Mimi niliingia baada yako. Nikasema sijui kitu, sikumwona Gidahosh, simfahamu. Wakaandika, wakanipa nikaweka sahihi." Uso wake ulikuwa umesawijika. "Sasa wamejua nilidanganya. Wataniita tena?"

"Sijui, mama."

"Wanaweza kunifukuza kazi?"

Judica akavuta kigoda, akaketi, akaanza kumsaidia kuchambua maharage. Kila gari lilipoingia getini, wote wawili waliacha kuchambua, wakasikiliza.