Kichupa Kilichoachwa Wazi

Asubuhi tuliyorudi hospitali kupima damu kwa mara ya pili, mke wangu alianza kwa kuanua kitambaa chake cheupe, akakipiga pasi, akakikunja pembe kwa pembe. Tangu alipokatwa nusu ya ulimi kuondoa saratani, mate yalimtoka bila idhini yake, naye hakuvumilia tone hata moja lionekane.

"Tutachelewa kwa ajili ya kitambaa?" nilimwuliza.

"Nimebakiwa na nusu ulimi, Mwalimu, na bado hunishindi kwa maneno. Vaa viatu."

Sikucheka. Juma lililotangulia daktari alikuwa ametusomea majibu: ile protini ambayo huongezeka katika damu uvimbe ukirudi ilikuwa imepanda maradufu. Alimpapasa shingo, akamkagua kinywa kwa taa, asione kitu. "Namba peke yake haihukumu mtu," alisema. "Tutarudia." Lakini mimi nilisahihisha mitihani maisha yangu yote, namba ndiyo niliyofunzwa kuiamini. Nilijua pia kwamba upasuaji wa pili ungeuchukua ulimi uliosalia, na nyumba iliyozoea kuendeshwa kwa amri zake ingebaki kimya, mimi nikiwa ndani yake.

Asubuhi hiyo mpimaji, mama wa makamo mwenye miwani, alimvuta mke wangu damu kwa bomba la sindano, akaimimina katika kichupa, akakiweka mezani na kugeuka kutafuta kifuniko. Tone moja lilikuwa limesalia ukingoni mwa kichupa. Hapo nikauona mkono wa mke wangu ukiinuka na kitambaa kile kile alichojifutia mate punde tu. Ulikwenda kwa adabu kabisa, kama unavyokwenda kwenye kikombe cha mgeni.

Nikaudaka.

"Una nini wewe? Huoni pamechafuka?"

"Na mara ile ya kwanza ulifuta?"

"Ulitaka niache damu ichuruzike kwenye meza ya watu?"

Mpimaji alisimama na kifuniko mkononi. Kisha akakifunga kichupa na kumwita daktari, aliyesikiliza habari yote akiwa ameshika kiuno.

"Mama," alisema hatimaye, "protini tunayoitafuta imo tele katika mate ya kila mtu, mzima na mgonjwa. Huenda mara ile tulipima mate yako."

"Basi mngesema! Mnaacha kichupa wazi kama sufuria isiyo na mwenyewe."

Majibu yalipotoka, namba ilikuwa imeshuka hadi pale ilipokuwa zamani. Daktari hakusema amepona. Alisema tutaendelea kupima, na tuliendelea kwa miaka mingi, hadi mke wangu alipoondoka duniani kwa maradhi mengine, uzeeni, usingizini.

Lakini siku ninayoikumbuka ni ile ya kabla ya majibu, tulipoketi kwenye benchi la ukumbini, tusijue lolote. Mimi si mtu wa kushikana mikono hadharani. Walimu walionilea waliwaketisha wavulana upande huu na wasichana upande ule, na mazoea hayo sikuyaacha hata baada ya ndoa. Hata hivyo mkono wake niliokuwa nimeudaka ulikuwa ungali mkononi mwangu, pamoja na kitambaa.

"Niachie. Watu watadhani tumeoana jana."

Nilimwambia anyamaze.

Hakunyamaza. Alisema mpaka tukafika nyumbani, nami sikumkatiza.