Chumvi Iliyooshwa

Mama mkwe wa fundi cherehani alikuwa akiosha chumvi. Si mchele, si mboga, chumvi. Alinunua ile ya mawe, akaimimina kwenye beseni, akaipitishia maji upesi upesi kabla haijayeyuka, kisha akaianika kwenye sinia juani. Ikikauka iling'aa. "Kilichopita mikono ya watu hakiingii chunguni mwangu hivi hivi," alisema, na hakuna aliyembishia, maana jiko lilikuwa lake.

Fundi mwenyewe alishinda chumba cha mbele na cherehani yake, amefunga ukosi mpaka kidevuni hata jua likiwaka. Wateja walimtania, "Fundi, ipo siku vifungo hivyo vitakunyonga." Alitabasamu tu. Chini ya ukosi kulikuwa na rovu, uvimbe wa shingo uliomwanza miaka michache baada ya kuolewa, ukawa unakua polepole. Nyumbani waliujua, hawakuutaja. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Huyu alikuwa amezaa na bado anaficha.

Siku moja bintiye akamletea blauzi ya shule.

"Mama, nipandishie ukosi. Uwe kama wako."

"Shule gani hiyo mnavaa kama mabibi harusi?"

Binti hakucheka. Fundi akachukua futi, akampitishia shingoni, na ncha zikakataa kukutana pale zilipokutana alipokuwa akiikata blauzi ileile. Shingo ya mtoto ilikuwa imeanza kuvimba kama yake. Aibu ikampanda usoni: kumbe mtoto alikuwa akijifunza kwake namna ya kujificha.

"Darasani wanakuitaje?"

"Mkoba. Eti nimeuning'iniza shingoni," akajibu binti, akiangalia sakafu.

Asubuhi yake wakaenda zahanati. Muuguzi alimpapasa binti shingo, akamtoa damu ya kupima, akawaambia warudi na kijiko cha chumvi wanayopikia. Mama mkwe, bibi wa binti, akasema chumvi ataibeba mwenyewe. Aliifunga kwenye leso safi, akavaa kanga mpya.

Siku ya kurudi wakaenda wote watatu, wakakuta benchi limejaa kina mama, kila mmoja na chumvi yake kama alivyoagizwa. Muuguzi alidondosha dawa tone moja juu ya kila chumvi. Yenye madini joto iligeuka zambarau. Ya kwanza ikageuka. Ya pili ikageuka. Ya bibi ikabaki nyeupe vilevile.

"Mama, hii mlinunua wapi?"

"Dukani, kama wenzangu. Ila mimi naiosha."

"Unaiosha?"

"Na kuianika," bibi akasema, bado ana fahari kidogo.

Mwanamke mmoja benchini akauliza, "Na sukari je, mnaisugua kwa sabuni?" Benchi zima likacheka.

Muuguzi hakucheka. Akaeleza kwamba madini joto hunyunyiziwa chumvi kiwandani, na ukiiosha yanaondoka na maji. Shingo isipoyapata, tezi yake huvimba. Bibi akaanza kuifunga leso, fundo likawa halishiki.

"Nyumbani yuko mwingine mwenye uvimbe?" muuguzi akauliza.

Fundi akahisi macho ya binti yake yametua juu yake. Angeweza kusema hakuna. Mtoto angebaki peke yake na jina lake la Mkoba. Akafungua vifungo, kimoja kimoja, mbele ya watu ambao baadhi yao aliwashonea nguo. Hakuinua macho.

"Mimi," akasema.

Muuguzi akampapasa, akasema lake ni la siku nyingi, akamwandikia aende hospitali kubwa. La binti bado changa. Kwa chumvi isiyooshwa, na akifuatiliwa, kuna matumaini litapungua.

Njiani bibi alitembea nyuma yao. Fundi akasimama kumngoja.

"Mama, twende. Hukujua."

"Sikujua, mwanangu, na nikafundisha," bibi akasema. "Nani aliyemfundisha mke wa seremala? Yule mjamzito. Nilimsimamia mwenyewe mpaka akaweza."

Hakuenda nyumbani. Akakata kona kuelekea kwa seremala, na fundi akamfuata, ukosi wazi, kwa kuwa hapakuwa na muda wa kuufunga. Mke wa seremala aliwapokea kwa furaha, akawaonyesha sinia ya chumvi juu ya paa la banda.

"Mama, tazama. Siku hizi yangu inang'aa kuliko yako."

Bibi akakaa kizingitini bila kukaribishwa. Alikuwa amezoea kusifiwa mlangoni hapa. Akajifuta uso kwa pembe ya kanga.

"Imwage, mwanangu," akasema. "Nilikufundisha vibaya. Imwage, halafu kaa hapa nikueleze, na ukitaka kunicheka, nicheke."