Mzazi wa Chumba cha Nyuma

Mtaa ule wenyewe haukujua kama ni mji au shamba. Lami iliishia kwenye mashine ya kusaga, na kutoka hapo nyumba za bati zilisimama katikati ya mahindi. Basi mji uliposogeza mpaka wake na kuumeza mtaa, ikapita amri: ng'ombe marufuku, atakayeonekana anachukuliwa. Fundi cherehani alikuwa na ng'ombe mmoja tu, na maziwa yake ndiyo yaliyoilisha nyumba tangu mume afariki. Akamficha chumba cha nyuma, dirisha akaliziba kwa gunia.

Bwana afya naye akachagua kuja siku ambayo ng'ombe ameamka na uchungu wa kuzaa.

"Hodi! Hapa hakuna mifugo?"

"Karibu. Hakuna," alisema fundi, huku akikanyaga cherehani kwa nguvu ili kelele yake ifunike mengine. Haikufunika. Kutoka ndani ukaja mguno mrefu.

"Nani huyo?"

"Mzazi anaumwa," akaropoka. Alimaanisha mama mkwe wake. Ndilo lililomjia mdomoni.

Bwana afya, mtu wa adabu kupindukia, akavua kofia. "Masikini! Siondoki bila kumpa pole mama."

Adabu nazo zina wakati wake, jamani! Alikwisha fika ukumbini pale mama mkwe alipotokea uani, mzima wa afya, mzigo wa majani kichwani. Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Shikamoo, mama. Si nimeambiwa mzazi anaumwa?"

"Marahaba." Bibi huyu hakuwa mtu wa kusema uongo, na mkwewe alilijua hilo vizuri mno. Akautua mzigo polepole. "Anaumwa kweli. Lakini mzazi si mimi. Yuko ndani, anajifungua. Wewe mwanamume unafuata nini humo?"

Neno ni lile lile, na uongo haukuwemo. Bwana afya akarudi kinyumenyume, uso umemshuka kwa aibu. Ndipo ng'ombe akalia, akalia haswa, hadi bati likatetemeka.

"Mama," alisema bwana afya taratibu, "nina watoto watatu. Mke wangu hakulia hivyo."

"Ulikuwepo mlangoni?"

Alivaa kofia, akaifuata pikipiki yake getini.

Fundi hajamaliza hata kushusha pumzi, mama mkwe aliyeingia kumtazama ng'ombe akatoka mikono imelowa damu. "Ndama amekwama, mguu mmoja umebaki nyuma. Nimevuta, nimeshindwa. Panataka nguvu za mwanamume, mwanangu, la sivyo tunawakosa wote wawili."

Wanaume wa mtaa walikuwa kazini mjini. Nje pikipiki ilishaanza kunguruma. Akimwita, ng'ombe anachukuliwa. Asipomwita, anakufa. Fundi alimchukia bwana yule, akamchukia zaidi kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Kisha akatoka mbio, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni.

"Bwana afya! Zima! Ng'ombe wangu anakufa!"

Pikipiki ikazimwa. Alirudi akikunja mikono ya shati, hamtazami usoni.

"Nitamvuta ndama," alisema. "Halafu itabidi niwachukue. Unanielewa, dada?"

"Nakuelewa," alisema fundi, na mwenyewe akamfungulia mlango wa chumba cha nyuma.